Anayekwenda kwenye theluji hakutuibia barabara

Kila mwaka Desemba ikikaribia, ugomvi uleule unarudi kwenye simu zetu. Kijana wa kwetu aliye Marekani, Kanada au Norwe anatuma picha. Amevaa koti nene, kofia ngumu kichwani, miguu imefungwa juu ya ubao, na nyuma yake mlima mweupe kama unga wa muhogo. Picha inapita Nyarugusu, inapita Bujumbura, jioni inafika Baraka. Kabla ya saa mbili usiku sauti zimeanza kuzunguka. "Huyu ndiye aliyesema hana pesa ya dawa ya mama yake." "Sisi tuko ndani ya hema, yeye anacheza na barafu." Wengine wanamlaani kabisa. Na mwaka huu wako walioniomba niseme redioni kwamba jambo hilo ni aibu.

Sitasema hivyo. Naandika hapa nieleze kwa nini, na nieleze pia ni nani tunayepaswa kumkasirikia.

Ndugu msikilizaji, tuanze na huyo kijana. Wengi wao tunawajua walikotoka. Wako waliozaliwa Nyarugusu, kule Kasulu, Tanzania, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 na kujaa watu wa Fizi. Wako waliopona Gatumba, Burundi, usiku wa tarehe 13 Agosti 2004. Walikaa kambini miaka 10, wengine 20. Waliulizwa maswali yaleyale na maofisa mbalimbali, wakapimwa kifua na damu, wakasubiri. Siku ya kuondoka, tiketi ya ndege ilikuwa mkopo. Waliofika Marekani wanajua: shirika la IOM linakukopesha nauli, na miezi michache baada ya kufika unaanza kulipa.

Na mahali pa kwenda kuishi hawakuchagua. Ofisi ndiyo iliyowapangia. Mmoja akapelekwa Texas kwenye joto, mwingine Maine au Minnesota, ambako mwezi wa Januari maji ya mtoni yanakuwa jiwe. Kwa huyo wa pili, theluji ya kwanza haikuwa mchezo. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, amesimama kwenye kituo cha basi akienda kukata nyama kiwandani, vidole havina hisia. Miaka ikapita. Akajifunza kuvaa, akajifunza kuendesha gari, akamaliza deni la ndege. Sasa watoto wake wanamwambia: Baba, twende mlimani tuteleze kama wenzetu wa shule. Naye anakaa mezani na kalenda, anachagua siku na mahali.

Jambo hilo tunaliona dogo, lakini mimi naliona kubwa. Mtu aliyefukuzwa nyumbani bila kuulizwa, akawekwa kambini bila kuulizwa, akapelekwa kwenye baridi bila kuulizwa, leo anasema mwenyewe: tutakwenda Februari, tutakwenda mlima ule, tutarudi Jumapili. Hiyo ndiyo maana ya mtu kuwa huru. Tukimlaani kwa ajili hiyo, tunasema kwamba aliyekimbia vita lazima abaki mkimbizi mpaka kaburini, hata akiwa na nyumba na kazi.

Wengine wanasema theluji ni ya wazungu, si kitu chetu. Hapo tunadanganyana. Kenya ilikuwa na Philip Boit, mkimbiaji wa mbio za kawaida aliyeona theluji kwa mara ya kwanza akiwa mtu mzima, huko Finlandi, mwaka 1996. Miaka 2 baadaye alishindana kwenye Olimpiki ya baridi ya Nagano, Japani. Alimaliza wa mwisho. Bingwa wa mbio zile, Bjørn Dæhlie wa Norwe, alimngoja mpaka afike, akamkumbatia. Boit alimpa mtoto wake jina la bingwa huyo. Mwaka 2018 kule Pyeongchang, Korea Kusini, Sabrina Simader, binti aliyezaliwa Kilifi na kulelewa Austria, aliiwakilisha Kenya akishuka mlima. Hakuna aliyewaambia kwamba wamesaliti pwani au Bonde la Ufa.

Tena Kongo yenyewe ina theluji. Kwenye mlima wa Rwenzori, teritwari ya Beni, kilele cha Margherita kina urefu wa mita 5,109, cha tatu kwa urefu Afrika nzima. Nusu ya mlima ni yetu, nusu ni ya Uganda. Barafu ipo kule juu, ingawa inayeyuka: Mwitaliano Duke wa Abruzzi alipopanda mwaka 1906, barafu ilifunika zaidi ya kilomita za mraba 6, na leo ni sehemu ndogo tu iliyobaki. Lakini mgeni anayetaka kuiona leo anapitia wapi? Anapitia Kasese, Uganda. Anaambiwa miezi mizuri ni Desemba hadi Februari, au Juni hadi Agosti, mvua ikipungua. Analipa mwongozaji wa Uganda, analala kibandani upande wa Uganda. Njia ya kwetu inaanzia Mutwanga, ndani ya mbuga ya Virunga, mbuga ya kwanza ya taifa katika Afrika, iliyoanzishwa mwaka 1925. Watu wa Mutwanga wanajua mlima wao vizuri. Vita ndiyo vimefunga njia. Mlima ni mmoja, theluji ni moja, lakini upande mmoja unauza safari na upande mwingine unazika watu.

Sasa niwaambie hao wanaosafiri, maana kuwatetea hakumaanishi kuwaficha ukweli. Safari ya theluji ina maswali mawili, lini na wapi, na mtu mwenye familia Baraka anapaswa kuyajibu kwa akili.

Kuhusu wapi. Nje ya nchi unayoishi si lazima. Kijana wa Denver au wa Maine ana milima saa chache kutoka nyumbani. Akitaka kuvuka mpaka, aangalie karatasi kwanza. Aliyepokelewa Marekani kama mkimbizi na bado hajapata uraia anahitaji hati ya kusafiria ya mkimbizi, nayo inaombwa kabla ya kuondoka, si ukiwa tayari uwanja wa ndege wa huko. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na ndugu zetu wengi waliokuwa wamemaliza mahojiano Nyarugusu walibaki pale pale. Wakati kama huu mtu asichezee karatasi zake kwa ajili ya picha. Na bima ya hospitali ni ya kuangaliwa kabla ya koti: mguu ukivunjika mlimani, deni lake linaweza kula miezi ya kazi, na pesa ya mama Baraka ikapotea humo humo.

Walio karibu na nyumbani, wafanyabiashara wetu wanaokwenda Dubai kununua nguo na simu, wanajua kwamba kule kuna mlima wa theluji ndani ya duka kubwa la Mall of the Emirates tangu mwaka 2005, na unafunguliwa hata jua likiwa linaunguza nje. Lesotho wana Afriski, juu ya milima ya Maluti, na msimu wao ni Juni hadi Agosti, kwa sababu kusini ya dunia baridi inakuja wakati sisi tuko kwenye kiangazi. Moroko wana Oukaïmeden, karibu na Marrakech, na wao wanangoja Januari na Februari. Mwenye uwezo achague. Hatuna haja ya kumwuliza kwa nini.

Kuhusu lini, hapo nina neno. Kalenda ya theluji ya kaskazini inaanza Desemba na kwenda hadi Machi au Aprili. Kalenda ya kwetu inajulikana pia. Septemba watoto wanaanza shule na mvua ya kwanza inataka mbegu. Februari na Machi tunapanda tena, maharagi na mahindi ya msimu wa pili. Kwa hiyo mwezi ambao wewe unakwenda mlimani ndio mwezi ambao mjomba wako anatafuta kilo 10 za mbegu. Hizo kalenda mbili haziwezi kuhamishwa. Lakini mtu anaweza kusema mapema. Mwambie mama mwezi wa Oktoba: nitatuma kiasi hiki tarehe 1 Februari, kwa ajili ya mbegu, halafu nitasafiri na watoto. Kisha utume kweli. Kinachouma Baraka ni ahadi isiyokuwa na tarehe. Mtu akisema "nitaangalia" miezi 5, halafu anatuma picha ya theluji, hata aliye mvumilivu atakasirika. Sema kidogo, sema mapema, timiza. Baada ya hapo nenda ukateleze, na picha utume.

Na sisi tulio huku tuwe wakweli. Mtoto mmoja Marekani hawezi kubeba watu 30. Kuomba si vibaya, hata wazee wetu walisaidiana ng'ombe na mashamba. Kumhesabia mtu kila tabasamu lake ni jambo jingine. Baba aliyecheka na watoto wake siku 2 juu ya mlima anarudi kazini na nguvu. Aliyefungwa na laana zetu anaanza kubadilisha namba ya simu, na hapo tumepoteza kila kitu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Uswisi kuna taasisi moja mjini Davos, inaitwa SLF. Kazi yake ni theluji. Wakati wa baridi inatoa tangazo mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Tangazo linasema bonde gani lina hatari ya maporomoko ya theluji, upande gani wa mlima, kuanzia urefu gani. Hatari inapewa namba, kutoka 1 mpaka 5, na nchi nyingi za Ulaya zinatumia namba hizo hizo. Mtu anayekwenda kucheza anasoma namba kabla ya kufunga viatu. Ikiwa 4, anabaki nyumbani au anachagua mlima mwingine. Yaani kule, mtu akitaka kwenda kuteleza kwa furaha yake, kuna wataalamu wanaolipwa wamwambie lini apite na wapi asipite.

Tazama sasa mama wa Bibokoboko aliye Baraka. Nyumba za Bibokoboko na vijiji vya jirani zilichomwa Oktoba 2021, watu wakateremka kuelekea ziwani na vitu walivyoweza kubeba kichwani. Mashamba yako kule juu. Mihogo mingine iliachwa ardhini, ng'ombe wamekwisha, lakini udongo haujaenda popote. Mama huyo anataka kupanda mlima, achimbe mihogo, arudi. Anauliza maswali yaleyale ya kijana wa theluji: lini, na wapi? Siku gani? Njia gani? Nani alipita jana? Kwenye kizuizi cha kwanza wanadai kiasi gani? Wale waliosikika usiku wako upande gani wa mto?

Nani anamjibu? Hakuna ofisi. Hakuna tangazo la asubuhi wala la jioni. Anamwuliza aliyeshuka jana na gunia, huyo anamwambia alivyoona, na hayo yenyewe yamekwisha kupitwa na wakati. Mama anaamua kwa kubahatisha. Akirudi salama tunasema Mungu ni mwema. Asiporudi, habari inakuja kwangu, na mimi nasoma jina lake redioni.

Nalisema hili kwa ajili ya wote. Mbembe anayeogopa kwenda shambani kwake na Munyamulenge anayeogopa kwenda shambani kwake wanauliza swali moja. Mfuliru na Munyindu vilevile. Wachungaji wa zamani walijua wakati wa kiangazi wa kuteremsha ng'ombe kutoka nyanda za juu kuelekea Ngandja, na wakulima walijua wakati huo, na machifu walikaa pamoja wakapanga njia na malipo. Haikuwa bila ugomvi, lakini lini na wapi vilijulikana na vilizungumzwa. Vita vimetuondolea mazungumzo hayo kabla ya kutuondolea nyumba.

Na serikali yetu iko wapi? Mwaka 2025 iliingia mikataba na timu za mpira za Ulaya ili kuwaalika wageni waje kutalii Kongo. AS Monaco, AC Milan, na mwisho wa Julai FC Barcelona kwa miaka 4. Kwenye fulana za mazoezi za Barcelona yameandikwa maneno ya Kifaransa yenye maana ya "Moyo wa Afrika". Vyombo vya habari viliandika kwamba mkataba wa Barcelona peke yake ni zaidi ya euro milioni 40. Olimpiki ya baridi ya Februari 2026 ilipangwa Milano na Cortina, na mashindano ya ubao wa theluji Livigno. Wageni wa dunia nzima wanaofika kwenye mji wa timu tunayoilipa, wakisoma jina la nchi yetu, watauliza: tuje lini, na wapi?

Waheshimiwa, mtawajibu nini? Waje Rwenzori? Watapitia Uganda. Waje Goma au Bukavu? Miji hiyo ilichukuliwa na M23 mwezi wa Januari na Februari 2025. Waje Fizi, waone ziwa Tanganyika na milima yetu? Karibu sana, samaki wapo na watu ni wakarimu. Lakini barabara ya taifa nambari 5, ile ya kutoka Uvira kupita Baraka, mvua ikinyesha pikipiki zinabebwa na watu. Kumwalika mgeni kwenye nyumba ambayo wenyewe hawawezi kuingia ni dharau kwa mgeni na kwa mwenyeji.

Najua yatakayosemwa. Kwanza: "Mwandishi anatetea anasa wakati watu wanakufa." Hapana. Natetea haki ya mtu kuamua safari yake, na naidai haki hiyo hiyo kwa mama wa hema. Siwezi kuidai kwa mmoja huku nikimtukana mwingine anayeitumia. Pili: "Ukitangaza hali ya njia, wenye silaha watajua watu wanapita wapi." Hoja hiyo ina uzito, na wazee wengine wameniambia. Lakini tangazo la theluji halisemi fulani atapita bonde fulani saa fulani. Linasema bonde lenyewe likoje. Nasi tunaweza kusema njia ikoje bila kusema watu wanaopita. Wenye silaha tayari wanajua zaidi yetu, asiyejua ni mama. Tatu: "MONUSCO iliondoka Kivu Kusini mwaka 2024, nani atafanya kazi hiyo?" Ofisi ya teritwari ipo. Jeshi lipo. Machifu wapo, shirika la raia lipo, redio zipo. Kazi hii inataka simu, daftari na watu wanaoaminika wa kila jamii, wakutane kila jioni. Haitaki hata fulana moja ya Barcelona.

Kwa hiyo ninachodai ni hiki. Kwa msimamizi wa teritwari na makamanda: kila jioni, hali ya njia za Baraka kwenda milimani isomwe redioni, kwa maneno machache, imefunguliwa au imefungwa, salama au hatari, na sababu yake. Kwa machifu na wazee wa jamii zote: kaeni kabla ya Februari, mpange siku za kwenda mashambani kwa pamoja, kila kundi liwe na watu wa kila upande. Kwa Kinshasa: kabla ya kulipa timu nyingine, onyesheni kilomita ngapi za barabara nambari 5 zimetengenezwa.

Kwa ndugu zetu wa theluji: mkimaliza kutuma pesa ya mbegu kwa tarehe mliyosema, nendeni. Na mkiwa kule juu, pigeni picha ya ubao wa matangazo ulio chini ya mlima, ule wenye namba ya hatari ya siku hiyo. Nitumieni. Nitaipeleka kwenye ofisi ya teritwari, niulize ya kwetu itabandikwa lini, na wapi.